Wanyonga baiskeli, mzunguko wenu wa kila siku machipuko haya ukoje?

Mnyongaji

Habari zenu wakuu na wadau wote wa tairi mbili. Winta ndo hiyo inaishia, jua linachelewa kuzama, na mi nimeshindwa kabisa kukaa ndani. Sizungumzii mashindano wala zile safari za kilomita mia, nazungumzia ule mzunguko wa kawaida tu ambao mtu anaupiga jioni akitoka kazini au asubuhi kabla wenzake hawajaamka, saa moja hivi, kilomita 15 au 20, unatoka unazunguka unarudi basi. Huo ndo naupenda kuliko yote na naona hauongelewi kabisa, kila ukimsikia mtu anaongelea mlima aliopanda na spidi aliyofikisha.

Wangu uko hivi. Nakwepa barabara kubwa, nachukua njia ya kando ya mto mpaka darajani, navuka, halafu kuna mpando mrefu wa taratibu, sio mkali lakini miguu inaujua, ukifika juu ni mashamba kulia na kushoto hakuna hata mti wa kukukinga, kisha mteremko hadi nyumbani. Wiki hii kando ya mto vichipukizi vya mipopla vimeanza kupasuka, vile vinavyonata ukivigusa, na jioni kukiwa na unyevu harufu yake inakujia hata kabla hujaiona miti yenyewe. Mvua ikinyesha mchana basi konokono wanavuka njia kwa wingi, inabidi uende unawakwepa, na mi siwezi kuwakanyaga, napunguza mwendo mpaka wapite.

Sasa nina mambo mawili nataka kujua kwenu. La kwanza upepo. Asubuhi kumetulia kabisa, jioni nikitoka ni balaa tupu, kule juu mashambani kuna wakati nanyonga kwa nguvu zote na baiskeli kama haisogei, hivi ni mimi tu au ndo kawaida ya majira haya? La pili mavazi. Naondoka natetemeka, nafika juu nimelowa jasho, nashuka mteremko naganda. Mwenye uzoefu aniambie anavaaje. Na zaidi ya hayo nataka tu kusikia mizunguko yenu ikoje, njia gani, saa ngapi, mnaona nini njiani. Karibuni.

PedaliTaratibu

Mkuu sio wewe tu, hiyo ya upepo ina sababu yake. Usiku ardhi inapoa na hewa ya chini inatulia, inajitenga na ile ya juu inayokwenda kasi. Jua likishapanda linachemsha ardhi, hewa inaanza kuchanganyika juu na chini, ule upepo wa juu unashushwa mpaka usawa wetu. Ndo maana mchana kuelekea jioni mapema unakuta mambo yamechafuka halafu jua likizama unatulia tena. Machipuko inazidi kwa sababu jua limeshapata nguvu na hewa ya baridi bado ipo inapishana na ya joto.

Na kuhusu baiskeli kutosogea, angalia hesabu yake. Hewa inakusukuma kwa kadiri ya mraba wa mwendo wako ndani ya hiyo hewa, sio mwendo wako barabarani. Ukinyonga kilomita 20 kwa saa siku iliyotulia, mwili wako unakutana na hewa ya kilomita 20. Ukikutana na upepo wa mbele wa kilomita 20 na wewe ukataka kubaki 20 ile ile, sasa unakutana na 40, yaani mwendo wa hewa umezidi mara 2 lakini nguvu inayokurudisha nyuma imezidi mara 4. Halafu hewa ya baridi ni nzito, ya nyuzi 5 inazidi ya nyuzi 25 kwa kama asilimia 7 hivi, kwa hiyo ukilinganisha na kiangazi unaonewa mara mbili. Acha kujilaumu kabisa.

Kitu ninachofanya mimi kila siku kabla ya kutoka natazama moshi, bendera, matawi, chochote kile, najua upepo unatoka wapi, halafu naanza safari kwa kuukabili. Naenda nao uso kwa uso nikiwa bado na nguvu, narudi ukinisukuma mgongoni. Maana yake njia yangu haifanani kila siku, upepo ndo unanichagulia. Ukitoka magharibi naelekea msituni, ukitoka mashariki nazungukia upande wa reli ya zamani. Hiyo ya reli ya zamani ndo tamu zaidi, walishang'oa vyuma wakaweka changarawe laini, na kwa kuwa treni haikuweza kupanda mlima mkali basi njia nzima ni tambarare au mpando mdogo sana usioumiza, pembeni yake kuna tuta lenye maua ya manjano mwezi mzima huu. Reli pia imechimbwa ndani ya vilima sehemu nyingi kwa hiyo upepo unapita juu ya kichwa chako.

Na msitegemee kwamba upepo wa mgongoni utarudisha kile ulichopoteza mbele. Ukienda kilomita 10 kwa mwendo wa 15 umetumia dakika 40, ukirudi kilomita 10 hizo hizo kwa 30 umetumia dakika 20, jumla saa 1 kwa kilomita 20, wastani ni 20 sio 22 na nusu. Muda mwingi zaidi unauishi kwenye mateso. Kwa hiyo mi wastani wa spidi machipuko siuangalii kabisa, nimeufuta kwenye kioo cha kile kikompyuta, nimebakiza saa na umbali tu.

MamaWawili

Jamani nimefurahi hii mada imeletwa, maana sisi tunaoendesha kwa shughuli za kila siku tunaonekana kama sio waendeshaji. Mzunguko wangu mimi unaanza na watoto, mdogo yuko kwenye kiti cha nyuma, mkubwa anaendesha yake mbele yangu namwona, nawafikisha shule halafu badala ya kurudi moja kwa moja nazunguka bwawa ndo nirudi. Huo mzunguko wa bwawa ni wangu peke yangu na siuachi. Saa hizo kuna ndege wale wenye shingo ndefu wanajenga kiota kwenye mafunjo, tumewaona tangu wanabeba majani, sasa mmoja anakaa tu hatoki, mwenzake anazunguka analinda. Mwanangu mdogo kila asubuhi ananiuliza kutoka nyuma, mama bado hajatotoa?

Kuhusu nguo Mnyongaji mdogo wangu, sikiliza. Ukiwa mlangoni unajisikia joto zuri, basi umevaa nyingi mno. Toka ukiwa unasikia kibaridi, dakika 10 za kwanza vumilia, mwili ukishaanza kunyonga unajipasha wenyewe. Fulana ya ndani isiwe ya pamba, pamba ikilowa inabaki imelowa na hapo ndo unapoganda kwenye mteremko, vaa ile ya kitambaa chepesi kinachokauka haraka, au ya sufu nyembamba, hiyo hata ikilowa inabaki na joto. Juu yake shati la mikono mirefu lenye zipu ndefu mbele, halafu kizibao au koti jepesi la upepo linalokunjika likaingia mfukoni. Mpando unafungua zipu yote, juu kabisa KABLA hujaanza kushuka unasimama unavaa koti unafunga mpaka shingoni. Usingoje mpaka usikie baridi. Nyuzi 5 ukiwa umesimama sio mbaya, ila ukishuka kwa kilomita 30 kwa saa ngozi inasikia kama nyuzi 0, na hapo bado jasho.

Wale waendeshaji wa mashindano wa zamani walikuwa wanapewa gazeti kileleni wanalichomeka kifuani chini ya jezi ndo wanashuka, na inafanya kazi kweli, nimejaribu. Glavu za vidole vyote bado usiziweke kabatini, vidole vikifa ganzi breki unaikamata vipi?

Na moja la usalama, hili naliomba sana. Majira haya jua la asubuhi na la jioni liko chini kabisa, na ndo saa zetu hizo. Angalia kivuli chako. Kikiwa kirefu mbele yako, jua liko mgongoni kwako, wewe unaona kila kitu vizuri na unadhani na wenzako wanaona, kumbe dereva anayekuja mbele yako jua linampiga machoni hakuoni kabisa, na huyo ndo anaweza kukata kona akakupitia. Kivuli kikiwa nyuma yako, basi wewe umepofuka na gari linalokuja nyuma yako nalo limepofuka vile vile. Mi taa nawasha mbele na nyuma hata kukiwa mchana mweupe, na ile njia ya kuelekea jua nimeibadilisha nimehamia ya ndani ingawa ni ndefu.

Mnyongaji

Dada ahsante sana, hiyo ya kivuli sikuwa nimewahi kuifikiria kabisa na narudi na jua mgongoni kila jioni! Kuanzia leo taa inawaka. Na huyo ndege akitotoa tafadhali utuambie.

PedaliTaratibu nimekupata mkuu, kwa hiyo leo naugeuza mzunguko, naanza na mashambani narudi na mto. Kuna swali jingine limejitokeza, baiskeli yangu tangu winta inatoa mlio, kri kri kri nikikanyaga kwa nguvu, na gia zinaruka kwenye mpando. Nimetia oili, inanyamaza siku moja halafu inarudi.

FundiSpoki

Hapo nimeitwa mimi. Ndugu, oili juu ya uchafu ni kutengeneza msasa. Kama barabara za kwenu walimwaga chumvi na mchanga winta, basi vyote hivyo viko ndani ya cheni yako sasa hivi, chumvi inakula chuma na mchanga unasaga pini kwa ndani, ukiongeza oili unausaidia mchanga uingie vizuri zaidi.

Fanya hivi. Osha baiskeli nzima kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, usitumie maji ya presha kali maana yanaingia kwenye beringi yanafukuza grisi. Cheni isugue kwa brashi ya zamani ya meno pande zote 4, suuza, ikaushe kwa kitambaa na uiache ikauke kabisa kabisa. Ndo sasa utie oili, tone moja kwa kila kiungo kwa upande wa ndani huku unazungusha pedali kinyumenyume taratibu, iache ikae inywe, halafu chukua kitambaa kikavu ufute yote iliyobaki nje. Watu wanaruka hapa mwisho. Oili inatakiwa iwe ndani ya kiungo, ya nje inakusanya vumbi tu. Ukiikamata cheni kwa vidole na vidole vinatoka karibu visafi, hapo umemaliza.

Ila kuruka kwa gia kunaniambia jambo jingine, cheni inaweza ikawa imeshalika. Huhitaji kifaa, chukua rula yenye inchi. Cheni ikiwa imevutwa imenyooka, weka sifuri katikati ya pini moja. Cheni mpya, inchi 12 inaangukia katikati ya pini nyingine sawasawa, maana kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, milimita 12.7. Kama hiyo pini ya mwisho imeipita alama ya 12 kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, kama milimita moja na nusu, nunua cheni mpya. Ikipita kwa milimita 3, basi tayari imeshakula meno ya gia za nyuma, na ukiweka cheni mpya juu ya meno yaliyolika itaruka vile vile, utabadilisha vyote viwili.

Halafu tairi. Mpira wa ndani unavuja upepo kidogo kidogo hata bila pancha, na baridi yenyewe inashusha presha. Baiskeli iliyokaa stoo winta nzima ukiipanda bila kujaza utaikata tairi kwenye shimo la kwanza, mpira unabanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo unapata matundu mawili pacha yaliyokaa sambamba. Na mashimo machipuko ni mengi kuliko wakati wowote, maji yanaingia kwenye nyufa za lami, yakiganda yanatanuka, yakiyeyuka yanaacha uwazi, gari likipita linabomoka. Dimbwi usilolijua kina chake usilipite. Ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, sio lazima uifikie, kwa barabara mbovu punguza kidogo utaona hata mikono inapumzika. Pita pia kwa kucha juu ya uso mzima wa tairi, utakuta vijiwe na vigae vimejichimbia humo vinangojea siku yao, vitoe kwa bisibisi ndogo.

Kama breki zako ni za kubana rimu basi zifungue uangalie zile raba, ukiona vinang'aa vipande vya chuma ndani yake vitoe navyo, hivyo ndo vinachora rimu. Mimi mzunguko wangu? Sina mkubwa, ni kwenda dukani kwangu na kurudi, ila huwa naenda nikisikiliza. Baiskeli iliyosafishwa vizuri asubuhi kukiwa kimya unasikia tairi tu.

Gia_Ndogo

Nampinga kidogo PedaliTaratibu kwa heshima zote. Kubakiza saa na umbali tu sio sawa kwa kila mtu, hasa wanaoanza upya baada ya winta. Ila kinachopimwa kisiwe spidi, hapo nakubaliana nawe, spidi inaamuliwa na upepo. Mi napima pumzi. Wiki hizi za mwanzo naendesha kwa kiwango ambacho naweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, nikishindwa kuongea nashusha gia. Mapafu na moyo vinarudi haraka, kano na magoti vinachelewa sana, ndo maana watu wengi machipuko wanajisikia wana nguvu wanaongeza umbali ghafla halafu goti linauma mbele hapo chini ya kifuniko. Gia nyepesi, pedali ziende mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika, na goti lifunikwe mpaka joto lifike kama nyuzi 15 na kitu.

Njia yangu ni moja tu na siibadilishi, naizunguka bustani kubwa ya umma kwa nje halafu narudi kwa njia ya mfereji. Uzuri wa njia moja unaona mabadiliko, jana ua lilikuwa limefumba leo limefunguka. Mfereji una miti ya cheri upande mmoja na ikichanua ni siku chache tu, upepo mmoja unazimwaga zote chini, usipopita wiki hiyo ngoja mwaka mwingine. Kwa hiyo wiki hiyo mimi hata mvua natoka.

MzeeBaiskeli

Vijana wangu hamjambo. Mimi nina umri wa miaka 67 na bado nanyonga, nimesoma yote mliyoandika nimefurahi sana.

Mzunguko wangu ni mfupi kuliko yenu wote, kilomita 8, baiskeli ina gia 3, keria na madigadi. Natoka saa 4 asubuhi barabara ikishakauka na umande umeondoka, maana kwenye madaraja ya mbao na kwenye majani yaliyooza tangu vuli tairi inateleza vibaya, na sisi wa umri huu kuanguka sio jambo dogo. Nakwenda mpaka kwenye benchi juu ya kilima, napumzika nikinywa chai ya kwenye chupa, narudi. Nimekuwa na tatizo la chafya na macho kuwasha kila machipuko, chavua hiyo, na nilidhani itabidi niache kabisa mpaka kiangazi. Nikagundua siku kavu yenye upepo ndo mbaya, na baada ya mvua ya kutosha hewa inakuwa imeoshwa naweza kwenda bila shida. Navaa miwani mikubwa inayokumbatia uso, nikirudi naosha uso na kubadilisha nguo kabla sijakaa kwenye kochi. Mwenye pumu asicheze, amwone daktari kwanza na dawa awe nayo mfukoni.

Jioni ya Jumapili nakaa natazama zile mbio za machipuko za kule Ubelgiji na Ufaransa, upepo wa ubavuni na barabara za mawe. Ile Gent–Wevelgem ya 2022 Biniam Girmay wa Eritrea alipowapita wote mwishoni nilisimama peke yangu sebuleni nikapiga makofi. Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za aina ile. Kesho yake nilikipanda kile kilima bila kushuka.

MamaWawili

Shikamoo mzee wetu. Umenipa moyo sana, mama yangu ana umri kama wako na anasema kapitwa na wakati, namsomea hii leo leo.

MzeeBaiskeli

Marahaba binti yangu. Mwambie aanze na siti ya chini, miguu yote miwili iguse ardhi akiwa amekaa. Akishazoea ataipandisha mwenyewe.

Mnyongaji

Shikamoo mzee. Wakuu nimerudi na majibu. Nimepima cheni, imepita alama kwa milimita 2, FundiSpoki hapo tunasemaje? Na nimeugeuza mzunguko, mashambani kwanza na upepo wa uso, mto wa mwisho. Muda ni ule ule lakini nimefika nyumbani sijachoka, na kwenye mto jua lilikuwa linaingia kwa ubavu taa zote zinawaka. Fulana ya sufu nimeazima ya kaka, inawasha shingoni ila kuganda sikuganda.

FundiSpoki

Milimita 2 badilisha cheni sasa, gia za nyuma jaribu kuziacha. Ukifunga mpya panda ule mpando wako kwenye gia unayoitumia sana ukanyage kwa nguvu. Isiporuka, meno yamepona. Ikiruka kwenye gia moja au mbili tu ni zile ulizozoea, uliza kwanza kama zinauzwa moja moja kabla hujanunua seti nzima. Na ukinunua cheni hesabu gia zako za nyuma kwanza, ya gia 8 haiingii kwenye ya 11.

PedaliTaratibu

Kesho wanatabiri upepo wa mashariki, naenda reli ya zamani. Aliye na njia ya namna hiyo karibu naye aijaribu wiki hii maua hayajaisha.

MamaWawili

Wametotoa!! Watano, wa kijivu, mmoja amepanda mgongoni kwa mama yake. Tumechelewa shule leo na mwalimu nimemweleza sababu.